Mashine Zima, Mashine Nzima

Papa Ilunga,

Nimekuja dukani mapema, nimeinua mlango wa chuma nusu tu ili wateja wadhani bado hatujafungua, na nimekaa kwenye kiti chako. Usinune. Changu kimevunjika mguu na hakuna wa kukitengeneza, maana wewe ndiye uliyekuwa unatengeneza kila kitu humu ndani na mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu waje kesho.

Ni miezi minne tangu tukuzike. Nazungumza nawe kichwani kila siku, lakini kichwani tunagombana tu kama kawaida yetu, hatufiki popote. Kwa hiyo leo nimeshika kalamu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba fundi hagusi bisibisi kabla hajaandika kompyuta inaumwa nini. "Andika ugonjwa mbele, kisha fungua." Hilo ndilo neno lako la kwanza kwangu kama mwalimu, na hata hilo sikulielewa. Kwenu Lubumbashi "mbele" maana yake ni kwanza. Kwetu Tanga mbele ni mbele. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika upande wa mbele wa kompyuta ya mteja, juu ya plastiki yake nyeupe, kwa herufi kubwa: KIOO HAKIWAKI. Wino haukutoka. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni, kisha ukatumia siku mbili kuisugua ile plastiki kwa dawa ya meno.

Basi ugonjwa wangu ni huu, nauandika: sijui ulisema nini.

Nikueleze kwanza nilichokisikia. Wodini, saa ya kuona wagonjwa, mchana. Mkeo, Mama Beatrisi, alikuwa ameshuka kununua chai. Tulikuwa sisi wawili tu, na ile mashine ya hewa pembeni ya kitanda inalia pii, pii. Ulikuwa hujasema lolote tangu asubuhi. Ukafungua macho, ukaisogeza barakoa ya hewa kwa kidole, ukaniangalia kama unavyoniangalia ninapotaka kugusa waya wenye umeme. Ukasema, "Mashine zima." Ukairudisha barakoa.

Nesi aliyekuwa anapita akauliza kwa Kizulu, "Uthini ubaba?" yaani baba anasema nini. Nikamjibu kwamba mzee anawaza kazi.

Na kweli niliamini unawaza kazi. Mashine, kwako, haikuwa mashine yoyote. Ilikuwa ile moja: ile kompyuta kubwa ya kizamani iliyokaa mwisho wa kaunta, yenye kioo cha chogo kilichojengewa humo humo, kibodi humo humo, na tundu la kanda pembeni, kitu kizito kama jiwe la kusagia, watu wawili kukibeba. Siku mbili kabla ulianguka dukani ukiwa umekaa mbele yake. Tulikutoa mbio, sikumbuki hata nani alifunga mlango. Kwa hiyo nilipolisikia neno lako niliona picha moja tu: duka tupu, na mashine yako inawaka peke yake siku ya pili, inachemka, inaungua. Nikasema, "Sawa Papa, naenda kuizima." Nikakimbia. Kutoka hospitali mpaka huku dukani Point nilikimbia na kandambili, kila roboti, zile taa za barabarani, ni nyekundu, nawatukana madereva kwa lugha nne.

Nikafungua duka. Mashine ilikuwa imezimwa. Niliizima mimi mwenyewe siku ile ile ulipoanguka, nikasahau kwamba nimeizima.

Na niliporudi wodini ulikuwa umeshaondoka.

Hilo ndilo linaloniua, Papa. Nilikuacha ukiwa hai nikaenda kuzima kitu kilichokwisha kuzimwa.

Labda unajiuliza kwa nini leo, baada ya miezi minne. Ni kwa sababu ya mzee mmoja wa Queensburgh. Alikuja wiki iliyopita, Mhindi mrefu mwenye miwani minene, injinia mstaafu. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwekea picha za wajukuu kwenye simu. Akaiona mashine. Simu akaisahau. Alisimama mbele yake mikono nyuma kama mtu aliyeingia msikitini, kisha akaniomba ruhusa ya kuigusa.

Alinieleza kwamba anayo pacha yake nyumbani. Ujana wake alikaa nayo ofisini akipiga hesabu za kuta za bandari, na mashine inamchorea ukuta mzima kwenye kioo, mstari kwa mstari, wakati ambapo kompyuta nyingine zilikuwa zinatema namba tu kwenye karatasi. Ofisi ilipoitupa, yeye akaibeba. Kanda zake zote anazo na kisoma kanda kinafanya kazi, ila kioo kimekufa. Yaani amekaa na michoro ya maisha yake yote asiyoweza kuiona. Yetu, kama unavyojua, ni kinyume: kioo kinawaka vizuri, lakini kisoma kanda mpira wake uliyeyuka ukawa kama lami zamani sana, kabla hata hujaipata. Macho ya mzee yanakwenda. Mwisho wa mwezi watoto wanamhamishia kwao, mbali, na mashine yake wamekubali iende naye iwapo tu inafanya kazi. Akaniomba kioo chetu pamoja na bodi yake ya kuchorea. Aliomba kwa adabu sana, na kwa adabu hiyo hiyo akasema anajua anaomba nini: yake itapona, yetu itabaki sanduku.

Nilimjibu vibaya. Unanijua. Nilimwambia hapa si buchani.

Alipoondoka nikampigia Mama Beatrisi, nikitegemea atanitetea. Hakunitetea wala hakunilaumu. Alisema, "Weye njo ulisikia neno ya mwisho. Fanya vile alisema."

Niliona aibu kumwambia kwamba neno nililisikia ila sikulielewa. Siku ya mazishi nilikuwa nimemwambia tu kwamba mzee alitaja mashine. Alishukuru sana, masikini. Akawaambia watu wa kanisa lenu kwamba mumewe alikufa akiwaza kazi yake na mwanafunzi wake. Ningeanzia wapi?

Basi nikakaa na lile neno nikalifungua kama redio. Kama ulisema, "Mashine, zima," maana yake ilikuwa nizime swichi. Imeshazimwa, kazi imekwisha, na hakuna kinachonizuia kumpa mzee kioo chake. Lakini sauti yako ilikuwa hewa tupu. Kama ulisema, "Mashine nzima," na ile N ikabaki ndani ya barakoa, basi ulikuwa unaniusia isivunjwe, ibaki nzima, na mimi nikitoa kioo nitakuwa nimevunja wasia. Halafu kuna la tatu. Pembeni ya kitanda chako kulikuwa na mashine nyingine, ile ya pii, pii. Kama ulikuwa umechoka nayo? Kama ulikuwa unaniomba mimi, kwa sababu mkeo ulijua hataweza? Nami nikakujibu "Sawa Papa" nikatoka mbio na kandambili.

Kila nilipoamua moja, mengine mawili yalinirudia. Kwa siku tatu sikutengeneza kitu. Mteja mmoja aliniletea simu iliyoingia maji nikamrudishia ya mtu mwingine. Mwingine aliuliza kama yake imepona, nikamjibu, "Zima au nzima?" Akaondoka kwa kurudi nyuma.

Jambo linalonichanganya zaidi ni kwamba lile neno si lako. Ningeulizwa kizimbani ningeapa si lako. Ninyi watu wa Lubumbashi hamzimi, mnazimisha. Hamuwashi, mnawakisha. Na kitu kikiwa kizima ninyi ni "muzima" tu, awe mtu, iwe nyumba, iwe kuku. Miaka mitano nimekusikia ukiwaambia wateja, "Chukua, iko muzima," na miaka mitano mimi niko nyuma yako nawasahihishia hewani: simu nzima, Papa. Redio nzima. Ndiyo ukanipa jina la Bibi Sanifu. Ulilitamka mbele ya watu kwa heshima zote, kama cheo cha serikali, na wateja wapya walidhani ndilo jina langu. Mpaka leo yule mwenye saluni wa mtaa wa pili akituandikia barua anaianza kwa "Mrs Sanifu".

Nilikuwa mkali bila sababu, naliona sasa. Nilifika mji huu mwaka mmoja kabla ya yale mavuvuzela ya mashindano ya mpira, sina kazi, sina karatasi, Kiingereza changu cha kuombea maji. Kitu pekee nilichokuwa nacho kizuri kuliko cha wengine ni Kiswahili. Basi nikakitumia kama rungu. Na wewe, uliyenipa kazi na bisibisi na nusu ya chapati yako kila mchana, wewe ndiye uliyekuwa karibu wa kupigwa.

Nakumbuka asubuhi zetu. Hakuna kompyuta ya mteja iliyofunguliwa kabla mashine yako haijachora ua lake. Ulikuwa unaiwasha, unangoja kioo kipate joto, kisha unaandika ile programu yote kwa kichwa, mistari yote, kwa sababu kanda haikuwa inasoma na mashine ikizimwa inasahau kila kitu. Kila asubuhi unaifundisha upya. Kisha mstari wa kijani unaanza kutembea polepole, petali moja, petali ya pili, mpaka nane. Nilikuuliza siku moja inasaidia nini. Uliniambia kwamba kijana mweusi wa umri wako, kule kwenye kampuni ya shaba, aliruhusiwa kufuta vumbi mashine ya namna hii lakini si kuketi mbele yake. Ua ulilikariri kwa kuchungulia nyuma ya mgongo wa mtu mwingine aliyeketi. Siku hiyo hata kosa la sarufi sikulitaja, na yalikuwepo mengi.

Jana nikashindwa. Nikafunga duka adhuhuri nikaenda Cato Manor kwa Mama Beatrisi nikamwambia yote. Nilimwambia sikujua ulichosema, na sikuwahi kujua. Nilimwambia nilikukimbia. Nililia vibaya, Papa, kwa kelele, mpaka jirani akachungulia dirishani.

Yeye hakulia. Alininyang'anya kikombe nisije nikamwaga, akaniuliza niseme tena lile neno, vilevile kama nilivyolisikia. Nikasema. Akaniomba tena. Nikasema. Akaanza kutikisika, nikadhani sasa ndiyo kilio, kumbe anacheka.

"Ilunga alikuwa anajifunza," akasema. "Hapa kwa nyumba. Ananyoa ndevu anasema, mutu mzima, kintu kizima, mashine nzima. Miye namucheka, yeye ananikatalia: acha, siku moja nitamushangaza Bibi Sanifu."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu uanze kukohoa, ulipokuwa huwezi kulala chali. Tangu wakati ule, kumbe. Sisi dukani ulituambia ni vumbi. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wewe ulikuwa unaficha mambo mawili kwa pamoja, kikohozi na ngeli za nomino.

Nikamuuliza kama basi ulikuwa unaniambia mashine ibaki nzima. Akasema hajui. Labda, akasema, au labda ulikuwa unanishangaza tu. Nikamuuliza aliporudi na chai ulikuwaje. Akasema ulikiangalia kiti changu kitupu, akakueleza kwamba nesi amemwona Bibi Sanifu akitoka mbio. Ukafumba macho. Nikamuuliza kama ulikasirika. Akaniambia uso wako ulikuwa kama wa mtu anayengoja.

Hilo sijui nilifanye nini. Nimerudi nalo Point, nimelala nalo, nimeamka nalo. Ulikuwa unangoja nini? Unangoja nirudi nikwambie nimeizima? Au ulikuwa unangoja kama ulivyozoea kungoja, ukishatupa neno makusudi, uone kama Bibi Sanifu atasahihisha au atakosa cha kusahihisha? Ndiyo kusema mtu alitumia pumzi yake ya mwisho kunitania, nami nikamwachia mzaha wake mkononi? Maana ungesema kwa Kiswahili chako ningekuelewa pale pale. "Zimisha" ningezimisha. "Muzima" ningeacha muzima. Nilikupiga na lugha yangu miaka mitano mpaka ukaivaa, na siku ulipoivaa sikukutambua.

Samahani, Papa. Niliandike tena kwa sababu sikulisema hospitalini. Samahani.

Habari nyingine za huku ni chache. Jengo letu limeuzwa, wanapaka rangi, kila siku ngazi iko mahali pengine. Siku hizi watu hawaleti kompyuta, wanaleta simu, na kompyuta wanayoileta ni nyembamba kama daftari, ukiifungua hakuna cha kushika, kila kitu kimegandishwa. Wale vijana wa duka la simu la kona walikuja kuniuliza kama bado tunafundisha. Nilisema ndiyo, kisha nikajifungia chooni.

Na mashine. Asubuhi hii nimekaa mbele yake. Sijawahi kuiwasha tangu siku ile. Nimejiambia kama ningejua kwa hakika ulisema nini, ningefanya hilo bila swali. Lakini sijui, na mkeo hajui, na wewe hujibu. Kwa hiyo neno lako haliwezi kuniamulia. Kwa mara ya kwanza katika duka hili hakuna wa kumuuliza.

Nimeamua. Jumamosi nakwenda Queensburgh. Nitampelekea mzee kioo na bodi, nitavifunga mwenyewe kwenye mashine yake, na nitamwomba msamaha kwa lile neno la buchani. Simpi kwa sababu uliniambia, wala kwa sababu hukuniambia. Nampa kwa sababu nimeona mikono yake ilivyokuwa nyuma ya mgongo alipoitazama, na nikamkumbuka kijana wa Lubumbashi mwenye kitambaa cha vumbi. Kanda zake zitasomeka, kuta zake zitachorwa kabla macho hayajafunga. Yetu itabaki sanduku. Nimelia kwa hilo tayari, sitalia mbele yake. Kama nimekosea, basi kosa hili ni langu mimi, fundi, usimlaumu Mama Beatrisi.

Na ninakuahidi jambo moja. Yeyote atakayepita chini ya mlango huu akaniambia simu yake haiko muzima, nitaipokea, nitaifungua, nitamrudishia nikamwambia iko muzima. Hivyo hivyo. Nikisikia mtu anamcheka kwa hilo nitamtoa nje na ngazi ya wapaka rangi.

Lala salama, baba yangu wa pili. Mungu wako na wangu wakupokee kwa lugha unayoitaka wewe. Mlango nauinua sasa, kuna mtu anagonga. Lakini kama kule wodini ulikuwa unangoja jibu, nimechelewa miezi minne, hili hapa: N nimeisikia. Mashine nzima. Umepata, Papa.

Tatu